Kioo cha Wete, Waya wa Konde

Barza ni ya nyumba yangu, lakini anayeikalia si mie. Mume wangu alipokwenda Maskati kutafuta riziki aliniachia nyumba, watoto na wanaume wa barza, na hao wa mwisho ndio wasiokua. Wanakuja jua likichomoza, wanakunywa kahawa ninayoipika na kula bajia ninazozikaanga, na hakuna jambo la hapa Makangale wala la nje yake ambalo hawajalitolea hukumu. Mie huwasikiliza kupitia dirishani, kwa sababu mwanamke hakai barzani na wanaume, na kwa sababu karai la mafuta haliwezi kuachwa likajiangalia lenyewe.

Siku hiyo walipata kazi, na kazi yenyewe ilikuwa yangu. Binti yangu Yumna aliitwa kufanya mtihani wa kazi ya uhasibu katika kampuni moja ya Unguja. Mtihani wenyewe hufanywa kwenye kompyuta, popote ulipo. Unaanza saa sita mchana na ukikupita umekupita. Kwa simu hawaukubali. Kompyuta anayo, ya mkononi, ile aliyomalizia chuo, lakini kioo chake kilipasuka kwenye gari la abiria pale utingo alipoipandishia gunia la muhogo. Ndani nzima, inawaka, inanguruma. Usoni ni nyufa na giza.

Shemeji yangu wa Wete akatuletea kioo cha kompyuta ya mezani, kizee, kizito, lakini kizima. Tundu la kompyuta ni dogo, bapa. La kioo ni pana, la buluu, lina vishimo vitupu. Nikaenda Konde mwenyewe, na muuza duka akanipa waya wenye mdomo bapa upande mmoja na meno upande wa pili, akaniapia kwamba huu ndio wenyewe. Tukaunganisha. Kioo kikawaka, kikaandika kwamba hakipokei kitu, kikazima. Tukakiwasha tena, kikaandika vilevile.

Chumbani hakuna mwanga wa kutosha kuyaona hayo meno, kwa hiyo nikakitoa kioo nje na kukiweka barzani. Kompyuta nikaiacha kwenye kizingiti cha dirisha, kwa ndani, waya ukipita baina ya nondo. Na kitu ukishakiweka mbele za watu wa barza, huwezi tena kukirudisha ndani kabla hakijajadiliwa.

Wa kwanza kusogea alikuwa Mzee Nassor. Tunamwita Makonyo, maana miaka yake ya ujana aliimaliza kwenye mtambo wa kukamulia mafuta ya makonyo ya karafuu, na mpaka leo akipita unajua kwamba kapita. Aliuchomoa waya kwenye kioo, akaunusa.

— Chumvi hii, Bi Mize. Waya umevuka bahari. Umeliwa na kutu kabla hujaununua.

Nikamwambia waya ni mpya, nimeutoa kwenye nailoni yake jana. Akasema nailoni haizuii bahari, na kwamba katika kisiwa hiki chumvi inakula mpaka bawaba za msikiti. Akatia mkono mfukoni, akatoa kichupa cha mafuta ya makonyo anachotembea nacho kwa ajili ya gego lake linalomuuma.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema, akadondoshea tone kwenye kila jino la waya.

Tukaurudisha. Kioo kikaandika maneno yake yaleyale.

Hapo Talib akacheka kwa pua. Talib ni Injinia. Jina hilo alilipata kwa kuwa mlinzi wa mnara wa simu, na tangu hapo kila kitu chenye waya ni taaluma yake. Aliuchukua ule waya, akaugeuza juani, akahesabu meno kwa ncha ya kijiti, akahesabu tena. Safu ya juu meno matano, safu ya chini matano, safu ya katikati manne.

— Waya huu una pengo, akasema. Mmepaka mafuta maiti.

Wote wakainama kutazama. Kweli, palikuwa na pengo. Mie pia nililiona, na roho ikanishuka, kwa sababu muuza duka alinitazama usoni akaniuzia waya kibogoyo. Talib akasema dawa ni kulijaza pengo lile na chuma chochote chembamba, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Hiyo ni methali ya nyumba, Makonyo akamwambia.

— Na waya huu umo wapi, yakhe? Porini?

Akaniomba sindano ya cherehani. Nikaingia ndani kuitafuta. Yumna alikuwa jikoni, akanisemesha kitu nyuma yangu nami nikamjibu haya, nimesikia, huku mikono imo kwenye mkebe wa vifungo. Nilikuwa nikilitazama dirisha zaidi kuliko sindano. Kivuli cha ukuta wa jirani kilikuwa kimeshajikusanya karibu na msingi.

Talib akaivunja sindano, akakitia kipande kwenye pengo, akausukuma waya kwenye kioo. Ukagoma. Akausukuma kwa kiganja. Kitu kikalia kwa ndani, na alipouvuta, sindano ilibaki upande wa kioo, imepinda. Na hapohapo yale mafuta ya makonyo yakaanza kazi yake, maana plastiki ya kile kichwa cha waya ililainika, ikawa inanata vidoleni kama haluwa. Talib akajifuta kwenye shuka yake, akamlaumu Makonyo. Makonyo akamlaumu muuza duka. Wakaungana wote wawili kukilaumu kioo.

Toka hapo maneno yalipanda mlima. Talib akasema kioo hiki kimetoka ofisini, kimezoea kuamrishwa na kompyuta ya ofisini, na kompyuta ya mtu binafsi hakiitii mpaka kiandikiwe. Makonyo akasema hapana, kimeletwa kutoka Wete juu ya gari, wazi, bila hata kanga ya kukifunika. Kimepita Konde siku ya soko, watu wamekitia jicho. Akamtolea mfano ng'ombe wa shemeji yake, aliyepitishwa njia hiyohiyo akakauka maziwa. Nikamuuliza ng'ombe yule alikuwa na tundu gani.

— Nyie mnapoteza muda wa mwanamke, akasema Msellem.

Msellem alikuwa kimya mpaka hapo, na kimya chake ndicho nilichokuwa nakitegemea. Yeye anafunga paneli za sola, kuanzia kwetu hapa mpaka kule unapoanzia msitu wa Ngezi, na taa anazozifunga zinawaka. Tunamwita Sola. Akauchukua waya, akaupima kwa pima la mkono, akautamka uamuzi wake bila kupandisha sauti. Matatizo yote yako kwenye vichwa. Kichwa kimoja bapa, kimoja kipana, vitakubaliana wapi? Dawa ni kuukata waya katikati, kuumenya, kisha kutafuta waya mwingine wa kioo, nao ukatwe, umenywe, na rangi ziunganishwe.

— Damu nzito kuliko maji, Bi Mize. Nyekundu ikikutana na nyekundu zitajuana tu.

— Na zile zisizo na wenzao? nikamuuliza.

— Hizo ntazifunga pamoja. Umoja ni nguvu.

Talib akasema hilo sasa linaelekea kwenye sayansi. Makonyo akasema kabla ya kukata apake mafuta. Mie nilikuwa nimesimama kwenye mlango, mguu mmoja ndani na mmoja nje, nikifanya hesabu isiyotoka. Waya ukikatwa na usifanye kazi, sina waya. Usipokatwa, sina waya vilevile. Kwenda Wete kutafuta mwingine, mpaka nirudi mtihani umekwisha. Nilikuwa nimemsomesha Yumna kwa bajia hizi hizi wanazozitafuna, na sasa nimewakabidhi wao mwisho wa kazi. Umeme ukacheza, taa ndogo ya kioo ikazima na kuwaka. Moyo wangu nao ukafanya hivyo.

— Saa ngapi? nikauliza.

Msellem akatazama simu yake, akairudisha mfukoni, akasema bado kidogo. Mtu akikwambia bado kidogo bila kutaja saa, ujue muda hakuna.

Nikaleta mkasi. Nilimpa mkononi, ila ule waya niliushika mie upande wa pili, na sikuuachia. Tukasimama hivyo, yeye anauvuta taratibu kwa adabu, mie nimeukamata, kama watu wanaogombania kamba ya mbuzi kwenye mnada.

Ndipo ilipokuja bodaboda, ikasimama kivulini. Alikuwa Hudhaifa, kijana wa upande wa Konde, ambaye huleta abiria huku na akipita hunywa kikombe kimoja akaondoka. Akatoa salamu, ikaitikiwa. Akakaa pembeni, akajimiminia kahawa kutoka kwenye birika, ikatoka nusu kikombe na machicha, akainywa hivyohivyo. Kisha akatutazama, mie na Msellem na waya baina yetu, akauliza kuna nini.

Wakamwelezea wote watatu kwa pamoja. Akasikia habari ya chumvi, ya pengo, ya jicho la watu wa Konde, akajitetea kwamba yeye siku hiyo hakuwepo. Akasikia habari ya mtihani. Akakipita kioo kwa macho, akaufuata waya mpaka dirishani, akauliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia:

— Na kompyuta yenyewe iko wapi?

— Iko hapo dirishani, akasema Msellem bila kugeuka.

Tukageuka. Waya ulitoka mikononi mwetu, ukapanda ukuta, ukapita baina ya nondo, na kule ndani ule mdomo bapa ulikuwa unaning'inia chini, haujagusa chochote. Kizingiti kitupu. Hudhaifa akasubiri jibu. Makonyo akasema labda nimeiweka mahali. Msellem akauachia waya.

Niliingia ndani mbio. Jikoni jiko limezimwa, bajia zimepangwa kwenye chungio, zimefunikwa vizuri. Buibui la Yumna halikuwepo msumarini. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Barza ikijaa wanaume, wanawake wa nyumba hii hutoka kwa uani, hiyo ni desturi ya toka kwa mama mkwe wangu, na mtu anaweza kupita huko na kompyuta kifuani mpaka barabarani na asionwe na hata mmoja wa wataalamu wangu. Nikakumbuka ile “haya, nimesikia” niliyomjibu.

Simu yangu ilikuwa juu ya mtungi, na ujumbe ulikuwa umeshaingia. Nikatoka nao nje, nikausoma kwa sauti, kwa sababu nilitaka kusikia kama unasema ninachokiona.

“Mama, nipo Konde kwa Mwalimu Kazija. Televisheni yake ina tundu kama la kompyuta yangu, tumetumia waya wa king'amuzi chake. Inaonesha vizuri. Naingia kwenye mtihani sasa. Usipige.”

Kisha Talib akakohoa.

— Haiwezekani, akasema. Televisheni ni televisheni. Kitaalamu haiwezekani.

— Inaonesha, nikamwambia. Kaandika hapa.

— Inaonesha sasa hivi, lakini itafika mahali.

— Alhamdulillahi, akasema Makonyo. Mafuta yamesaidia.

— Waya wenye mafuta huu hapa mbele yako, Mzee Nassor.

Akautazama, akasema baraka huenda mbali. Hudhaifa akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Yumna alinieleza baadaye jambo lenyewe lilivyo, na lilikuwa dogo. Kompyuta yake hutoa picha kwa namba, na kile kioo kizee kinaijua picha inayokuja kwa mawimbi ya umeme tu. Baina yao panatakiwa kidude cha kugeuza, na waya mtupu haugeuzi kitu, hata uwe mpya namna gani. Na jino lile halikung'oka. Nyaya hizo nyingi hutoka kiwandani hivyo, na pengo lake. Lakini saa ile nilikuwa sijui hayo, wala nisingeyataka. Nilichokijua ni kwamba mwanangu yupo mbele ya televisheni ya watu, umeme unacheza kisiwa kizima, na nimekatazwa kupiga.

Nikakaa. Sikuchagua pa kukaa, nilikaa palepale niliposimama, na pale palikuwa ni barzani, ukingoni, kando ya kioo. Wanaume wakasogea, kila mmoja kidogo, bila kusema. Nikaiweka simu pajani, uso juu. Talib akashika birika, akaliinamisha, akanitazama.

— Imekwisha, nikamwambia.

— Si utapika nyengine?

— Leo sipiki.

Akaliweka chini taratibu, kana kwamba ndilo lenye makosa. Nikaitazama simu, nikailaza, nikaiinua. Mahali fulani Konde mtoto wangu alikuwa anajibu swali, nami sikujua hata ni la ngapi.

Msellem bado alikuwa na mkasi mkononi. Alisubiri kidogo kwa heshima, akainama upande wangu.

— Sasa nikate, Bi Mize?

Niliuangalia ule waya. Kichwa kimelainika, unanuka makonyo, kipande cha sindano yangu kimo ndani ya kioo. Hakuna muuza duka ambaye angeupokea.

— Kata, nikamwambia.