Risala ya Subira Njema Kuhusu Kisahani cha Sita cha Waifai

Mgeni rasmi, wakuu wa zahanati, wauguzi wetu, na nyote mliokubali kuketi nasi kwenye viti hivi vya kukodi, asalaam aleikum na Bwana asifiwe.

KUKUKARIBISHA
Sisi kina nyanya na kina babu wa kikundi cha Subira Njema, wagonjwa wa sukari na presha wa hapa Mtongwe, twakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tumekupikia mahamri na mbaazi za nazi. Wengi wetu tumekatazwa mahamri, kwa hivyo usione haya kumaliza sahani. Tumeambiwa umetuletea kisahani kipya cha kurushia waifai, na utepe tumeuona. Ahsante.

TULIKOTOKA
Zamani ulikuja na kadi yako, ukapita kwa daktari, ukachukua dawa, ukaenda zako. Kisha tukaambiwa tumeendelea, sasa ni kidole. Wabonyeza kidole kwenye tableti langoni, wabonyeza tena kwa daktari, na tena kwenye dirisha la dawa. Tableti ni moja, nayo karani wetu Lenox huibeba akifuatana na mgonjwa. Kidole kisipokubali, dawa hupati.

Tableti haifanyi kazi bila waifai. Mfadhili wa kwanza akaleta kisahani, kikatundikwa langoni ili kionekane kutoka barabarani. Wa pili hakutaka kushindwa, akaweka chake kwa daktari. Wakaja na wengine, mpaka vikawa vitano. Kila mmoja alikipa chake jina lake mwenyewe na neno lake la siri, picha zikapigwa, wakaondoka.

MAFANIKIO
Waifai yashika hata chooni. Vijana wa mtaa hujiegemeza ukutani kwetu wakitazama mpira. Nasi tumejifunza kuosha vidole kwa sabuni baada ya kumenya muhogo, na hina ya harusi hatupaki tena kwenye ncha za vidole, tusije tukasingiziwa kwamba kosa ni letu.

CHANGAMOTO
Hapa, mgeni rasmi, tuvumilie kidogo, maana sisi tumevumilia sana.

Mwenzetu Mwanarehema, aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari, huja kwa kiti cha magurudumu. Langoni kidole chakubali. Lenox amsukuma hadi kwa daktari. Tableti, badala ya kushika kisahani kilicho juu ya vichwa vyao, yang'ang'ania kile cha langoni, kama mtoto aliyeshika leso ya mamake na mama mwenyewe keshafika sokoni. Yazunguka, yazunguka. Ikija kuachilia, yadai neno jingine la siri, na yote yaliyoandikwa yamefutika. Hao, warudi langoni.

"Pole shosho, tuanze tena," asema Lenox.

"Tuanze tena? Mwanangu, hata mahujaji wanaokwenda baina ya Safa na Marwa humaliza!"

Lenox alicheka mpaka akashika ukuta, lakini kicheko hakikuleta dawa. Mwezi uliopita Mwanarehema aliishiwa nguvu hapo hapo njiani, kichwa kikamwangukia kifuani, tukadhani ametutoka.

Tukamwita Quinter, binti anayefunga waifai kwenye maofisi ya Changamwe. Alipita chumba kwa chumba akitazama simu yake, akatikisa kichwa.

"Nyanya, hapa shida si uchache. Hivi vyote vinapiga kelele kwa nguvu zote, tena kwenye njia moja ya mawimbi. Tableti ndiyo inachagua ishike wapi. Cha langoni kinasikika mpaka kwa dawa, sasa ikiache kwa nini?"

Akasema vipewe jina moja na neno moja la siri, vipunguzwe nguvu, visipangwe vyote kwenye njia moja, na viwili viondolewe kabisa. Alitaka kuanza siku ile ile. Akaambiwa hapana, jina la mfadhili halifutwi, wala kisahani cha mheshimiwa hakishushwi. Wallahi, twauliza, waifai ni ya wagonjwa au ni ya majina?

MAOMBI
Twaomba uwe mfadhili wa kwanza kukubali kisahani chake kisiwe na jina lake, na uwaambie wenzako wakuige. Twaomba Quinter aruhusiwe kupanda. Ameketi pale nyuma, ngazi amekuja nayo.

La mwisho haliwezi kungoja makofi. Kisahani chako kiliwashwa asubuhi kujaribiwa, kabla hujafika. Tangu hapo tableti haishiki popote. Mwanarehema, aliyekuwa keshapita kwa daktari, amekwama kwenye korido, kati ya daktari na dirisha la dawa. Sindano yake ya sukari hajachomwa, na chakula hathubutu kukigusa kabla ya sindano. Ndiyo sababu hukumwona kwenye mapokezi. Twakuomba, kabla hujashika mkasi, useme neno moja tu: kizimwe.

Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa nia yako, akupe umri mrefu, na akuepushe na maradhi haya yetu.

Ni sisi, wanachama wa Subira Njema, Mtongwe.
Imesomwa kwa niaba yao na Bi Kafedha.