Bi Zohra Kammoun na Barua Milioni Mbili

Tarehe 30 Juni, Bi Zohra Kammoun anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Sfax kwa miaka thelathini na mmoja.

Alianza mapokezi, akipiga chapa. Barua pepe ilipoingia hakuna aliyetaka kuisimamia. Akajifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Wengi tumeuonja ulimi wake. Mkurugenzi Fourati aliposambaza picha za harusi ya mwanawe kwa watu mia nne, barua zikakwama nusu siku. Bi Zohra alimpigia simu, akampa hongera, akamwambia siku nyingine agawe keki.

Diski zetu zilipojaa na kuchoka, yeye ndiye aliyependekeza barua zihifadhiwe mbali, kwenye kompyuta za kukodi ziitwazo wingu, hapa ibaki orodha tu ya kuonyesha ipi ni ya nani. Mkurugenzi alihofu: kitu usichokigusa utakilindaje? Akajibiwa kwamba hata tunavyovigusa hatuvilindi.

Kisha ikaja Jumapili moja ya Machi mwaka jana. Bwana Ridha Chaabouni, mwoka mikate, alikuwa wodini, uboho wa mifupa yake umekwisha kuuliwa kwa dawa ili apandikizwe mwingine. Uboho wa mtu aliyejitolea kumpa ulikuwa umetua Tunis katika sanduku la baridi. Forodha walihitaji kibali, nacho kilikuwa kimetumwa kwetu asubuhi ile kwa barua pepe. Ofisi iliyokituma ilikwisha kufungwa. Kabla hakijasomwa, diski ya seva, kompyuta yetu ya barua, ikafa pamoja na orodha yote.

Mimi, msaidizi wake, nilifunga diski mpya nikawa nataka kuiwasha seva. Bi Zohra, tuliyemwita kwa simu kutoka jikoni kwake, akaingia, unga wa kuskusi aliyokuwa akipika ungali mikononi.

"Anis, toa mkono hapo."

Nikamwambia wodi inasubiri.

"Najua. Lakini seva haina orodha. Ukiiwasha hivi, barua zote za kule itaziona takataka zisizo na mwenyewe, izifagie. Tuzime ufagio kwanza."

Nikautoa mkono. Alizima usafishaji, akaiamuru seva isome barua zote upya. Zilikuwa zaidi ya milioni mbili. Kwa mwendo ule zingechukua siku tatu, na uboho ule usingesubiri siku tatu. Akaisimamisha. Kule kwenye wingu kila barua ina namba ndefu tu badala ya jina, ila saa ya kufika imeandikwa. Akachomoa za asubuhi ile pekee, mia mbili na kumi na mbili, akazifungua moja moja. Kioo cha kompyuta alikigeuza nisione barua za wenzangu. Daktari Samia Jallouli, aliyekuwa akimtibu Bwana Ridha, alisimama mlangoni akisubiri.

Barua yenye kibali ilikuwa ya mia na themanini na saba. Saa saba na dakika kumi kibali kikaenda Tunis. Jioni gari la wagonjwa likaingia na sanduku. Bwana Ridha amerudi kwenye tanuri lake.

Siku ile, Bi Zohra alikwenda kuketi kwenye ngazi za nyuma. Mikono ilikuwa ikimtetemeka hata hakuweza kushika glasi ya chai. Akaniomba nisimwambie mtu. Nimeshindwa, dada yangu. Watu wanapaswa kujua kwamba uliogopa kama sisi, na bado ukafanya.

Ahsante. Uishi vyema, mwenye afya, na simu yetu isikutoe tena jikoni.