Barua Nane Zenye Sahihi ya Kofuli

Ndugu waombolezaji, mlioketi hapa mbele na mliosimama huko nyuma juani, familia imeniomba niwasomee maisha ya kaka yetu, nami nitayasoma yalivyokuwa, maana mwenyewe hakupenda kupambwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1967, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1974, akamaliza kidato cha nne mwaka 1984, akapata cheti cha ufundi mitambo, na tarehe 1 Februari 1988 akaajiriwa kiwanda cha sabuni, kwenye mashine ya kukatia miche, ambako wenzake walimbandika jina la Kofuli, kwa sababu neno likishaingia kwake halitoki.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, wote wako hapa.

Mwaka 2006 alipandishwa kuwa msimamizi wa uzalishaji, cheo cha kutumwa na walio juu na kulaumiwa na walio chini, akawatumikia wakurugenzi watano, kila mmoja akija na kaulimbiu mpya ya kubandika ukutani na kuikuta boila ileile mbovu, ambayo marehemu aliiombea vipuri mara kumi na moja kwa maandishi, majibu hakuna.

Tarehe 4 Septemba 2023 boila ilizimika moja kwa moja, uzalishaji ukasimama, mkurugenzi akampigia simu kutoka uwanja wa ndege, akamwagiza apunguze watu wanane kabla yeye hajarudi safari, na barua za kuwaachisha kazi azitie sahihi mwenyewe. Marehemu alibisha siku mbili, akaambiwa ni wanane au idara nzima, akasaini, kisha badala ya kuziacha getini kwa mlinzi akazipeleka nyumba kwa nyumba. Mama mmoja wa ufungashaji, aliyefanya naye kazi miaka ishirini, alimuuliza mlangoni, "Kofuli, hizi ni akili zako au umetumwa?" naye akajibu, "Zangu, dada," kwa kuwa aliamini msimamizi hamsemi bosi wake mbele ya wafanyakazi. Huo ndio ukweli ambao mkewe alikatazwa kuutoa mumewe akiwa hai, na leo tunausema mbele ya uongozi ulioketi hapa, bila kumtukana mtu.

Tangu hapo salamu zilikatika, akiingia dukani watu wananyamaza, shinikizo la damu likampanda, tarehe 18 Mei 2024 akapata kiharusi, akalazwa siku kumi na tisa, na tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, akafariki dunia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliotuchotea maji na kutupangia viti, wafanyakazi wenzake wote, na uongozi kwa shada la maua. Kati ya wale wanane, sita tumewaona, mmekuja huku mkiamini ni yeye aliyewafukuza, na kwenu shukrani yetu haitoshi, ila tunawaomba, mkifika kaburini, mumwekee udongo kama mwenzenu.

Kapumzike, kaka yetu, kwa amani ambayo kazi haikukupa.