Wivu Wangu na Hoteli Tatu za Rispa

Nawasalimu kwa jina la Yesu aliye hai, ndugu zangu. Mimi ni Mama Kevo, mnanijua kwa kwaya. Leo nasema jambo ambalo hata bwanangu amelijua juzi tu, na Rispa amenipa ruhusa nilisimulie.

Wengi wenu mmekula kwa Rispa. Hoteli zake zilianzia kwa kibanda changu hapa mtaani Section 58, tukipika pamoja chapati na githeri, yale mahindi na maharagwe. Siku moja akaniambia, "Mama Kevo, watu wa kazi hawana saa ya kungoja. Tupike vitu vinne tu, vikae tayari kwa kaunta. Mtu anaonyesha anachotaka, anapakuliwa, anaketi."

Nikamwambia, "Enda ukimbizane na watu. Mimi napika polepole."

Akaenda. Mwaka wa 2007 ukianza alikuwa na chumba kimoja chenye meza sita. Katikati ya mwaka akafungua ya pili, Njoro, karibu na wanafunzi. Kabla ya Desemba akafungua ya tatu, Lanet. Vibao vya rangi moja, wapishi wote na aproni za kijani. Ndugu zangu, ile kijani ilinichoma macho. Wateja wangu walinipita wakinisalimu tu, "Sasa, mathe," wakaenda kwake.

Nilisimama hapa mbele na Rispa, tukiimba mstari mmoja kwa kwaya, huku naomba Mungu amshushe. Nilifunga siku tatu kwa ombi hilo. Mungu hakunijibu, nikaona nimsaidie. Niliwaambia wanawake wawili sokoni kwamba Rispa anapika kuku waliokufa wenyewe. Sikuwa nimeona chochote. Kufikia jioni maneno yalikuwa Lanet.

Kisha kukaja uchaguzi, na vurugu za Januari mnazozijua. Mlango wa hoteli ya Njoro ulivunjwa, kila kitu kikabebwa. Niliposikia, nilicheka. Watu wanalala kwa mahema, na mimi niko jikoni nacheka.

Barabara zilipotulia nilienda Njoro kujionea. Majirani niliwaambia naenda kumpa pole. Nilimkuta Rispa amechuchumaa kwa sakafu tupu, anaokota vioo. Aliponiona alisimama, akanishika, akalia kwa bega langu.

"Hakuna mwingine amekuja," akasema. "Ni wewe tu, dada yangu."

Ndugu zangu, afadhali angenipiga. Nikamwambia, "Rispa, sikuja kukupa pole. Nilikuja kuangalia. Na yale maneno ya kuku yalitoka kwangu."

Akasema, "Ya kuku nilijua. Sikukuuliza kwa sababu niliogopa ungekubali."

Akanipa ufagio. Tulifagia mpaka saa kumi. Hapo nikifagia ndipo nilipoomba, ombi fupi tu: Bwana, nitolee hii kitu. Sikuona mwanga wala kusikia sauti. Kifua tu kililegea, nikapumua kama mtu aliyetua mtungi wa maji. Kesho yake niliwatafuta wale wanawake wawili sokoni, nikawaambia nilidanganya. Mmoja hajanisalimia tangu siku hiyo.

Sitawadanganya kwamba nilimaliza siku moja. Mwezi uliopita Njoro ilifunguliwa tena, na nilipoona kibao kipya, kile kitu kikanyanyuka ndani yangu. Lakini safari hii niliingia. Nilipanga laini na wanafunzi, nikaonyesha maharagwe na chapati, nikaketi, nikala. Yalikuwa matamu kuliko yangu. Nikamwita Rispa, nikamwambia hivyo mbele ya watu wote.

Ni Yesu alinipa maneno hayo, maana kwa nguvu zangu yasingetoka, na jina lake nalishukuru. Labda uko hapa na kuna mtu huwezi kumtazama kwa sababu mambo yake yamenyooka. Mpe Yesu moyo huo leo, hata kama unaona aibu. Njoo mbele. Mimi nitapiga magoti kando yako.