Hatsue na Uyoga wa Kurosawa

Ndugu wafiwa, majirani wa Okuzawa na nyote mliofika kumsindikiza, familia imenipa mimi, mpwa wake, kazi ya kusoma maisha ya Hatsue Anzai, nami nitayasoma kama alivyoagiza mwenyewe, bila kupunguza wala kutia chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 katika kijiji hiki, mkoani Fukushima, akasoma hapa hapa hadi mwaka 1966, kisha akawa mpishi wa shule ya msingi hadi alipostaafu Machi 2011, mwezi ule ule kituo cha nyuklia cha pwani kilipolipuka, nasi sote tukahamishwa. Mwaka 1974 alifunga ndoa na Genzo, na mwaka 1977 wakajaliwa mtoto mmoja, Misao.

Tuliporudi Aprili 2017, marehemu alijitolea kupima mionzi katika vyakula pale ukumbini, na kila jioni akitangaza majibu kwenye vipaza sauti vya kijiji, mazuri kwa mabaya, kila chakula na mahali kilipotoka, akitumaini Misao, ambaye hakurudi nasi, atayaamini na kurudi na wanawe, na kweli Misao alikubali kurudi.

Oktoba 2018 mumewe alimletea uyoga wa msonobari aupime, na kwa kuwa huku kwetu mtu hamwambii hata mkewe mahali anapouokota, akasema, "Nimeutoa hapa hapa Hinata, nyuma ya nyumba." Uyoga ulizidi kikomo cha mionzi kinachoruhusiwa, marehemu akatangaza kuwa umetoka Hinata, kitongoji chetu, na tangu kesho yake hakuna aliyenunua mboga za jirani yetu Bi. Kikuno, ingawa zilikuwa salama, na Misao akaghairi safari. Marehemu alipima upya udongo wa Hinata, akaukuta safi, akambana mumewe hadi akataja mlima wa Kurosawa, mahali alipoonyeshwa na baba yake, ndipo akaenda kwenye kipaza sauti akasahihisha na kumwomba radhi Bi. Kikuno.

"Umenivua nguo mbele ya kijiji kizima, mama Misao!" alifoka Mzee Genzo.

"Basi vaa nyingine, watu wajue wanachokula," akajibiwa.

Tangu hapo wengi walianza kutaja mahali pa kweli, lakini Misao alisema kwenye simu, "Mama, jana Hinata, leo Kurosawa, kesho mtasema wapi?" Hakurudi, na marehemu alilia kwa miaka, tusifiche, alilia kisha akaenda kutangaza.

Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki tarehe 21 Oktoba hospitalini. Mnaonong'ona kwamba ni mionzi, madaktari wamesema hawajui chanzo, naye alitaka tuseme hivyo hivyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa ukumbini, na Bi. Kikuno aliyemlisha uji hadi mwisho. Misao, pole, na asante kwa kufika.

Uyoga mnaouona kando ya jeneza, Mzee Genzo aliuokota jana na kuupima mwenyewe, bado umezidi kikomo, tafadhali asiule mtu. Ni wa Kurosawa. Hatsue, safari hii amesema kweli, pumzika sasa kwa amani.