Baba Yetu Fundi Chokaa na Nyumba Kumi na Nne Alizozirudia

Marehemu baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Chokaa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika nyumba namba kumi na moja, chumba cha nyuma ghorofani. Kilikuwa chembamba kama vyumba vyote vya mtaa huu wa zamani, maana wajenzi walifuata urefu wa boriti walizopata. Kuta za mawe na chokaa zilikuwa nene, hata watoto walilala dirishani mchana wa joto.

Alisoma mpaka darasa la saba. Mwaka 1963 alianza kujifunza kupiga lipu kwa mjomba wake.

Mwaka 1972 wenye nyumba walitaka saruji, mambo ya kisasa. Mjomba alimwonya, "Ukuta wa mawe unapumua. Utauziba pua." Baba alikuwa kijana, hakusikia. Alipiga saruji nyumba kumi na nne. Haikupita miaka mingi, unyevu ukakwama ndani na boriti zikaanza kuoza.

Nyumba mojawapo ilikuwa ya wazazi wa mama. Bibi alimwita, "Fundi, ukuta wako unatoka jasho kuliko mimi jikoni." Alikwenda kwa aibu, akabandua saruji, akarudisha chokaa. Kazi ya wiki mbili ilichukua miezi mitatu. Bibi akamwambia, "Ukuta umeshapona. Sasa sema kinachokuleta." Yeye na mama walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977.

Tangu hapo alijiwekea nadhiri kuzirudia zote. Kufikia 2016 alikuwa amemaliza kumi na tatu. Ya mwisho ni ya jirani yetu, mama fundi cherehani, ambaye alikataa: "Uliiweka mwenyewe, leo ndiyo mbaya?"

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2021. Februari mwaka huu jirani alikuja kumjulia hali. "Shemeji, kwangu kumeota ukungu. Haya, bandua kabla hujaondoka."

"Nani kakwambia naondoka?"

Tulifanya kazi sisi wanawe. Yeye alikaa kwenye kiti uchochoroni, akituelekeza kwa fimbo: "Taratibu, hiyo siyo ngoma." Tulimaliza asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Aprili 2025. Aliupapasa ukuta, akasema, "Kona ya chini mmeijaza mno. Lakini itakauka." Alifariki siku hiyo hiyo saa kumi na moja jioni, kitandani kwake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja.

Mtakaorudi nyumbani baada ya mazishi, tafadhali msiuegemee ukuta wa jirani. Chokaa bado mbichi.

Mwenyezi Mungu ampumzishe baba yetu kwa amani.