Mahafali ya Presha ya Mjomba

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kinyozi na mlango wa mjomba wangu, fundi cherehani, na asubuhi hiyo lilikuwa na mahafali. Kadi ya kliniki ya Mjomba ilikuwa imejaa hadi mstari wa mwisho, presha imesomeka sawa, naye akaamua, kwa akili zake timamu, kwamba amehitimu. Akaliagizia benchi zima kahawa. Vidonge vilivyobaki akamrithisha Kinyozi, ambaye ndiyo kwanza ameambiwa kwamba naye ana presha.

Mimi, ninayewanyamazisha wapinzani kwenye midahalo ya chuoni, nilihisi presha yangu ndiyo inapanda.

— Mjomba, kadi ikijaa unapewa nyingine. Ugonjwa huu hauna mahafali.

— Wewe unasoma miaka mitatu unavaa joho. Mimi nimepanga foleni miaka minne.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Profesa, fundi viatu asiyewahi kushindwa hoja, akadakia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; presha imekaa miaka minne haijalima hata tuta, ifukuzwe. Kinyozi akaongeza kwamba wauguzi hawapendi kumwachia mtu waliyemzoea. Mwisho Profesa akagundua kwamba foleni za kliniki ni ndefu kwa sababu waliopona wanaona haya kuaga.

Nikawaambia wapo walioacha dawa wakarudishwa wamebebwa, upande mmoja wa mwili umepooza, na mtu aliyehitaji kidonge sasa anahitaji kitanda na wauguzi watatu. Profesa akaniita binti wa vitabu. Nilitamani kumpiga kwa kiatu alichokuwa anakishona.

Hapo akafika mama mmoja kuchukua gauni lake. Akasikiliza kidogo, akamgeukia Mjomba.

— Hongera, kaka. Na hiyo presha imeshushwa na nini?

Mjomba akaitazama kadi yake, kisha akamtazama Kinyozi. Profesa akarudi haraka kwenye kiatu chake. Kinyozi akaushika mfuko wake wa shati wenye vidonge kama umeshika moto. Mjomba akamnyooshea kiganja.

— Zawadi hairudishwi, Kinyozi akanung'unika, huku tayari anavitoa.

— Nenda kapange foleni upewe vyako.

Kidonge cha siku ile Mjomba akakimeza palepale kwa maji, akamwambia muuza kahawa ajaze vikombe upya: sherehe ni ileile, ila sasa ni ya miaka minne ya kumeza bila kuruka siku. Profesa akainua chake, akatukumbusha kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa upande wangu.